Nilivyokusanya mkojo wa binti yangu wa saa 24

Mtoto akikojoa damu huku kwetu kando ya Ziwa Victoria, kila mtu atakwambia ni kichocho. Binti yangu alipokojoa damu, nasi tulianza na kipimo hicho: hakuna mayai ya kichocho, wala UTI. Ndipo daktari wa watoto akataka kalsiamu ya mkojo ipimwe, maana ikizidi nayo huweza kuleta damu.

Uwiano wa kalsiamu na kreatinini (taka ya misuli inayotolewa na figo) ulizidi 0.2, na kwa mtoto wa miaka 8 hiyo ni juu. Kuthibitisha, ukatakiwa mkojo wa saa 24, na hapa ndipo penye kazi. Mkojo wa kwanza wa asubuhi unamwagwa, unaandika saa. Baada ya hapo kila tone linaingia kwenye dumu, mpaka ule wa kesho yake saa ileile. Nilichagua Jumamosi, hakuna shule. Alikojolea kwenye jagi la plastiki, mimi namimina. Hata akienda haja kubwa, jagi kwanza. Dumu lilikaa kwenye ndoo ya barafu niliyonunua kwa wauza samaki wa Mwaloni, Kirumba.

Kikomo ni miligramu 4 za kalsiamu kwa siku kwa kila kilo ya mwili. Ana kilo 24, hivyo mwisho wake ni 96. Yeye alivuka 150. Altrasaundi haikuonyesha mawe.

Je, figo zimeumia? Kreatinini ya damu ilikuwa nzuri, lakini daktari alinieleza kuwa hiyo huchelewa kupanda. Vipo viashiria vinavyowahi, yaani protini kama NGAL, KIM-1 na beta-2 mikroglobulini, ambavyo huongezeka kwenye mkojo mirija ya figo ikianza kuumia. Watafiti huvitumia sana, ila kwenye matibabu ya kila siku havijazoeleka. Sisi tunafuatilia mkojo, presha na altrasaundi.

Mama mkwe alitaka mtoto aachishwe maziwa na dagaa. "Hapana mama, daktari amekataza," nikamwambia. Kalsiamu ya chakula ikipunguzwa, mifupa inadhoofika na hatari ya mawe inaweza hata kuongezeka. Cha kupunguza ni chumvi, maana inapotoka kwenye figo huondoka na kalsiamu. Sasa dagaa nawaunga kwa nyanya na ndimu, kripsi zimekwisha nyumbani, na mwalimu wake anamruhusu kuwa na chupa ya maji darasani na kwenda chooni bila kuomba mara mbili.

Damu haijaonekana tena. Uwiano umeshuka hadi 0.18, na dawa za thiazaidi, zinazopunguza kalsiamu kwenye mkojo, hajaanzishiwa.