Uchovu huanza kuharibu kwenye vipimo

Mtoto mwenye kikohozi huhesabiwa pumzi dakika nzima. Mama amempakata, nguo imepandishwa hadi kifua na tumbo vionekane, mtoto ametulia, na jicho la mhudumu linakwenda kati ya tumbo na mshale wa sekunde mpaka zitimie 60. Kila aliyepita darasani analijua hilo. Lakini ikifika saa tisa alasiri na benchi la nje bado limejaa, wengi wetu tunahesabu sekunde 15 na kuzidisha mara nne.

Pumzi za mtoto haziendi kwa mwendo mmoja. Hukimbia, husita, hukimbia tena. Ukipitwa na pumzi mbili ndani ya sekunde 15, ukizidisha umepoteza nane. Mtoto wa miezi 8 anayepumua mara 52 anaandikwa 44. Kikomo cha umri wake ni 50 kwa dakika, akifika hapo huhesabiwa ana nimonia. Kwa hiyo nimonia imegeuka mafua ya kawaida kwenye kitabu cha MTUHA, rejista ya wagonjwa wa kituo, na mama anarudi nyumbani na dawa ya homa tu. Kwa mwenye miezi 12 hadi chini ya miaka 5 kikomo ni 40. Kwa kichanga wa chini ya miezi 2 ni 60, na huyo akifika hapo huhesabiwa mara ya pili. Akilia katikati, hesabu hiyo imekufa: mwache atulie, uanze moja.

Ndiyo maana sikubali kujitunza kwa mhudumu kuhesabiwe kama anasa ya watu wa mjini. Mhudumu aliyechoka haachi kufanya kazi. Anaendelea, anatabasamu hata, ila vipimo vinamponyoka kimoja kimoja bila mtu kuona. Presha ni hivyo hivyo. Mgonjwa apumzike dakika 5, mgongo umeegemea, miguu sakafuni bila kukunjana, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo, mkanda juu ya ngozi. Mkono ukining'inia, presha inasoma juu. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene, inasoma juu. Ukimwongelesha wakati mashine inapima, inasoma juu. Mtu anaanzishiwa vidonge vya maisha kwa sababu ya haraka ya dakika tano.

Kwenye zahanati yenye watumishi wawili au watatu, dawa ya kwanza ya hili ni mpangilio. Yule anayetoa elimu ya afya asubuhi asiwe peke yake mbele ya watu: mwenzake apite kwenye mabenchi wakati huo huo akitafuta watoto wenye dalili za hatari. Asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, aliyelegea au asiyezinduka vizuri, hao hawasubiri foleni. Pumzi za wenye kikohozi zihesabiwe mapema, mkono ukiwa bado mwepesi. Na saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde itundikwe nyuma ya kiti cha mama, usawa wa macho ya anayehesabu. Simu haifai, kwa sababu ukishaiwasha kutafuta sekunde unakutana na ujumbe.

Saa sita hadi saa saba mchana mtu ale, hata kama ni kwa zamu ya dakika 20. Nimeona tukijisifu kwa kushinda bila chakula wala maji, na sioni sifa iko wapi.

Usiku una sheria zake. Mwili unazama zaidi kati ya saa nane na saa kumi na moja alfajiri, na hapo ndipo hesabu za dozi hukosewa. Dozi yoyote ya mtoto inayohitaji kuzidisha au kugawanya isemwe kwa sauti mbele ya mwenzako: uzito, kipimo kwa kilo, jumla, na mililita zinazovutwa kwenye bomba. Mkikubaliana kupokezana usingizi, lala dakika 20 hadi 30, siyo saa nzima, kwa sababu ukiamka kwenye usingizi mzito akili inachelewa kurudi. Hata baada ya huo mfupi, subiri dakika 10 au 15 kabla ya kugusa dawa. Kama utalala saa tatu asubuhi, kahawa ya mwisho iwe saa tisa usiku. Na baada ya zamu usiendeshe pikipiki mwenyewe.

Sindano ndiyo ajali inayonisumbua kuliko zote. Watu wengi huchomwa wakijaribu kurudisha kifuniko kwenye sindano iliyotumika, au wakisukuma sindano kwenye sefti boksi, boksi la kutupia sindano zilizotumika, iliyofurika. Boksi hufungwa likifika robo tatu, na linakaa pale unapochomea, siyo upande wa pili wa chumba. Ikitokea umechomwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka. Usiminye kidole, usimwagie jiki, usipake spiriti ukidhani unaongeza kinga. Ngozi iliyochubuka inaumia zaidi. Damu ikirukia jichoni, suuza kwa maji safi mengi. Kisha toa taarifa muda ule ule, ingawa una aibu, ingawa foleni ni ndefu. Dawa za PEP, za kuzuia VVU baada ya mchomo, zina maana zikianzwa mapema, saa za mwanzo zikiwa bora, na mwisho ni saa 72. Zinamezwa siku 28, na wengi huziacha katikati kwa sababu ya kichefuchefu. Ukiona inakushinda rudi kwa aliyekuandikia, usiache kimya kimya.

Tunaogopa VVU, lakini sindano yenye homa ya ini B ina nguvu zaidi ya kuambukiza. Kwa VVU, hatari ya mchomo mmoja bila dawa ni kama watu 3 kati ya 1,000. Kwa homa ya ini B, kwa asiyechanja, inaweza kufika 30 kati ya 100. Chanjo yake ni dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Wengi wana mbili. Ile ya tatu inasahaulika kwa sababu miezi sita ni mirefu, kwa hiyo andika tarehe yake kwenye mlango wa kabati la dawa, na majina ya wote.

Kuna uchovu mwingine ambao chakula na usingizi haviutoi. Mama akifa kwenye uzazi, au kichanga, timu hugeuka kwa mgonjwa anayefuata kana kwamba hakuna kilichotokea. Naomba dakika 10 tu, mlango umefungwa: nini kilifanyika, nini kilikosekana, nani anahitaji kuketi kidogo kabla ya kurudi wodini. Kumtafuta mkosaji hakuna nafasi hapo. Asiyelia siku hiyo aulizwe tena baada ya wiki.

Na sasa mama aliyeko nyumbani, kwa sababu naye ni mhudumu, na mara nyingi amechoka kuliko sisi. Mtoto akiharisha siku tatu, mama huyo hajalala siku tatu. Halafu tunampa pakiti za ORS, unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, na maelezo ya maneno matupu tukitarajia asikosee.

Pakiti ya kawaida huchanganywa na lita 1 ya maji safi. Soma kwanza kilichoandikwa, maana zipo ndogo. Nyumbani chupa iliyo karibu mara nyingi ni ya lita moja na nusu. Akiijaza, chumvi imepungua. Akitumia chupa ya nusu lita, chumvi na sukari zimezidi, na hilo ni baya zaidi, linaweza kumzidishia mtoto upungufu wa maji na kuharibu ubongo. Wengine humwaga nusu ya pakiti kwenye kikombe na kuhifadhi nyingine. Unga hauko sawa juu na chini, kwa hiyo hajui amempa nini. Mwambie alete chupa yake mwenyewe, pima lita kamili, mchoree alama kwa kalamu isiyofutika, kisha mwache akoroge yeye. Wewe tazama tu. Mchanganyiko huo hauchemshwi wala hauongezwi sukari, na baada ya saa 24 unamwagwa.

Baada ya kila choo cha maji, aliye chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100, aliyezidi hapo 100 hadi 200. Akitapika, subiri dakika 10, halafu kijiko kimoja kimoja. Kunyonya kuendelee. Macho yakidumbukia, ngozi ya tumbo ikifinywa ikachelewa kurudi, akishindwa kunywa, au choo kikiwa na damu, safari ya kituo ianze bila kungoja kuche.

Zinki, vidonge vinavyotolewa pamoja na ORS, ndiyo inayoachwa. Ni miligramu 20 kwa siku, 10 kwa wa chini ya miezi 6, kwa siku 10 hadi 14. Mama huona kuharisha kumekoma siku ya tatu, vidonge vinavyobaki vinawekwa kwa ajili ya mtoto mwingine. Mpe cha kwanza pale pale, kikiyeyushwa kwenye kijiko cha maji safi au maziwa ya mama, aone kinavyofanyika.

Mhudumu wa ngazi ya jamii anayepita nyumba hiyo siku ya tatu asiulize kama dawa inatumika. Jibu litakuwa ndiyo. Aombe kuona chupa yenye alama, kisha ahesabu vidonge: vilikuwa 10 Jumatatu, na Jumatano baada ya dozi vinatakiwa viwe 7.