Kiwanja cha kaskazi

Nimerudi Unguja baada ya miaka ya Maskati, na nimeona kwamba mtu akirudi na akiba hakosi washauri. Hata salamu zina mkia: "Karibu nyumbani, mwanetu. Umeshafikiria cha kufanya?" Huyu ana daladala inauzwa, yule ana fremu ya duka Darajani, mwengine ana jamaa anayejua viwanja. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na mgeni mwenyewe ndiye mie, niliyezaliwa Kikwajuni.

Skuli tulikaririshwa kusikia la mkuu. Hatukuambiwa wakuu wakikwambia mambo matano mbalimbali umsikie yupi.

Barazani kwetu, baada ya alasiri, muuza kahawa hupita na dele lake, vikombe vinagongana mkononi. Anayelipia wote mara nyingi ni dalali mmoja, kijana mchangamfu. Siku ile alikuwa ananinadia kiwanja, na kila mwenye kikombe alikisifia: barabara ipo, umeme uko jirani, bei ya kindugu.

Mzee mmoja, fundi wa milango wa zamani, alikuwa ameinamia dhumna zake. Akasema bila kuinua kichwa: "Usinunue kiwanja wakati wa kaskazi, ardhi ikiwa kavu. Ngoja masika uone maji yanakaa wapi." Akaweka dhumna, akaongeza: "Na uulize minazi ya nani."

Kwa asiyejua mambo yetu: baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ya Zanzibar ikawa mali ya Serikali, watu wakagaiwa eka tatu tatu walime. Kinachouzwa ni haki ya kutumia, na miti inaweza kuwa na mwenyewe mwengine kabisa. Unajenga, unahamia, asubuhi unamkuta mtu juu ya mnazi uwani kwako anaangua nazi zake, na pengine haki anayo.

Baraza zima lilinyamaza. Dalali yule ni mpwa wake mzee, mtoto wa dada yake tumbo moja.

Mie naona ujasiri wa namna hii ni mgumu kuliko wa kushika panga. Kumharibia biashara mtu wa damu yako, mbele ya watu wanaokunywa kahawa yake, na kesho mtakutana msikitini. Tangu hapo, anayenishauri nikiona atafaidika, namsikiliza kwa sikio moja. Nikiona atapoteza, namsogelea. Si kwamba mzee huyo kila alisemalo ni dawa. Kanikataza pia kula embe usiku, na hilo sijamtii.

Masika yameanza, nimekwenda kukiona. Pembe moja maji yananifika magotini, kwengine pakavu. Nimeomba nipunguziwe bei, dalali kanuna. Ama minazi, naambiwa mwenyewe yuko Pemba. Namba yake ya simu naitafuta.