Vidonge Visivyosikika: Siku Yangu Kliniki ya Moyo, Tanga

Saa 12 asubuhi natoka Makorora kwa baiskeli. Mimi ni mfamasia, na leo ni siku ya kliniki ya wagonjwa wa moyo ulioshindwa kazi.

Saa 2. Hakuna anayefika dirishani kwangu kabla ya kupanda mzani. Ukiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3, hujanenepa. Ni maji hayo.

Saa 3. Mzee mmoja, mvuvi wa zamani kutoka Pangani, ameshikwa mkono na mkwewe.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu." Kati ya maneno hayo alivuta pumzi mara mbili.

Namwaga vidonge vyake kwenye sahani ya kuhesabia. Lasix imekwisha. Karvediloli, enalaprili na spironolaktoni vimebaki karibu vyote. Anasema: "Hiki cha kukojoa nakisikia. Hivi vingine sijui vinafanya nini." Nambonyeza mguu kwa kidole gumba juu ya kifundo. Shimo linabaki, na linabaki. Usiku analala ameketi.

Maneno hayo nayasikia kila wiki na kila mara yananiuma, maana Lasix inatoa maji tu. Hivyo visivyosikika ndivyo vinavyorefusha maisha. Moyo ukidhoofika, mwili hudhani umepungukiwa maji. Unabana mishipa, unazuia chumvi na maji yanabaki nayo, unauchapa moyo kama punda aliyekwisha choka. Enalaprili hulegeza mishipa, spironolaktoni huzuia homoni inayoshikilia chumvi, karvediloli humnyang'anya mwenye punda fimbo. Mwaka 1999 ulitoka utafiti wa RALES, wagonjwa zaidi ya 1,600 wenye hali mbaya: waliopewa spironolaktoni, vifo vilipungua kwa asilimia 30. Mkwewe akauliza, "Kwa kidonge hiki kidogo?" Ndiyo, hicho hicho.

Daktari ameamua alazwe, achomwe sindano za furosemaidi, yaani Lasix hiyo hiyo. Karvediloli hatumrudishii leo. Mgonjwa akiwa amejaa maji hivi, kumwanzishia upya kunaweza kumzidishia.

Saa 5. Mama mmoja, potasiamu kwenye damu 5.8, imezidi kiwango. Nauliza anakula nini, anakunywa nini. Madafu, mawili kila siku, "ya kusafisha figo." Dafu lina potasiamu nyingi, na enalaprili na spironolaktoni zote zinaizuia isitoke. Ikizidi sana, moyo husimama. Spironolaktoni imesitishwa mpaka apimwe tena. Tanga hii dafu liko kila kona, nani atalidhania?

Wengine nawapitisha haraka. Wawili wananunua diklofenaki ya magoti dukani, nayo huzuia chumvi na maji; nimewaomba waiache.

Saa 9, wodini. Baba wa miaka hamsini na kitu, presha 80 kwa 50. Dawa zilizomshikilia muda wote huu sasa zinamwangusha. Daktari anazipunguza, anaongeza mofini kidogo ili asihangaike na pumzi. Binti yake ananivuta kando: "Kaka, ndiyo mnamwacha?" Nikamwambia hapana, tunapunguza kinachomchosha, tunabaki naye. Tulisimama pale muda mrefu.

Saa 11 jioni. Namchungulia babu wa Pangani. Ametoa lita 2 na bado. Kwenye faili lake nimebandika karatasi: karvediloli miligramu 3.125, asubuhi na jioni, maji yakishapungua. Mkwewe ameipiga picha kwa simu.