Jiko la Umeme Linalojisafisha Ndani ya Nyumba ya Mawe: Uzoefu Wangu Lamu

Siku jiko hilo lilipoingizwa nyumbani kwetu Mkomani, mama alilizunguka mara mbili, akagusa kioo cha juu kwa ncha ya kidole, kisha akauliza vifungo vyote vile ni vya kazi gani. Nilipomweleza kuwa kimojawapo huifanya oveni ijisafishe yenyewe, alicheka sana. "Mwanangu," alisema, "kijisafishacho nimekijua kimoja tu, nacho ni paka." Mimi nilimwamini mtengenezaji kuliko nilivyomwamini mama, na imani hiyo ilinigharimu maandalizi ya Maulidi ya mwaka mmoja mzima.

Mimi huoka mikate ya sinia, mikate ya mayai na biskuti kwa oda. Kaka yangu anayefanya kazi Dubai ndiye aliyeninunulia jiko hilo, lenye vichomeo vinne chini ya kioo na oveni kubwa chini yake. Lilifika Mombasa kwa meli, likaletwa Mokowe kwa lori, likavuka kwa mashua, na kutoka gatini likabebwa na mahamali wanne, kwa kuwa vichochoro vya mji wa kale ni vya watu na punda, havipitishi gari. Nilitaja jambo hilo la vichochoro mapema kwa makusudi, kwani ndilo lililomfanya fundi umeme awe mkali kwangu tangu siku ya kwanza: mahali ambapo gari la zimamoto haliwezi kuufikia mlango wako, alisema, huna ruhusa ya kubahatisha na umeme.

Jikoni mwetu pa asili ni juu kabisa, chini ya makuti, kama ilivyo katika nyumba nyingi za mawe za hapa, ili moshi upande na kupotea. Nilitaka jiko likae huko huko. Fundi alikataa katakata. Chombo kinachofika nyuzi joto mia nne na zaidi hakiwekwi chini ya makuti makavu, na kwa kweli sikuwa na hoja ya kumjibu. Tulikubaliana kuliweka katika chumba cha chini kinachopakana na kiwanda, yaani ua ulio wazi ndani ya nyumba, chenye kuta za mawe na chokaa, dirisha moja pana, na boriti zilizo juu sana.

Kisha akanionyesha kibandiko kilicho ubavuni mwa oveni. Jiko likiwashwa kila sehemu hula wati 10,000, na kwa umeme wetu wa volti 240 hizo ni takriban ampea 42. Soketi ya kawaida ya ukutani, ile ya matundu matatu ambamo tunachomeka birika na pasi, mwisho wake ni ampea 13. Kwa hiyo alivuta waya wa peke yake kutoka kwenye boksi la mita, wa milimita mraba 10, ukiwa na sakiti breka yake na swichi ya ampea 45 aliyoiweka pembeni mwa jiko badala ya juu yake, ili siku ya hatari mkono usilazimike kupita juu ya sufuria linalochemka. Aliipima pia ethi, yaani njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja, akaona haitoshi, akachimbia fimbo mpya. Gharama hiyo iliniuma, nami nilinung'unika waziwazi, lakini nilijua bwana mmoja wa Shela aliyeletewa jiko kutoka Marekani likabaki pambo: kule nyumba hupata nyaya mbili za volti 120 ambazo kwa pamoja hutoa 240, na sehemu za ndani kama saa na taa hutegemea ile 120, ambayo kwetu haipo.

Kwa miezi mingi nililitumia jiko bila kukigusa kile kifungo. Mafuta ya kuku wa kupaka yalidondoka, tui lilichuruzika, unga wa mkate wa sinia uliumuka ukamwagika pembeni na kugeuka ukoko mweusi sakafuni mwa oveni. Nilikuwa nikijiambia kwamba hapana haja ya kuhangaika, maana ipo siku nitabonyeza kifungo na kila kitu kitakwisha.

Siku hiyo niliichagua vibaya kuliko nilivyoweza kuichagua. Ilikuwa Mfungo Sita, Oktoba 2022, wageni wamekwisha kuingia mjini kwa ajili ya Maulidi ya Msikiti wa Riyadha, nami nilikuwa na oda ya mikate ya sinia thelathini. Nikataka nianze na oveni safi. Saa tatu usiku niliweka programu ndefu, ya saa tatu, nikasikia mlango ukijifunga kwa mlio mdogo, nikapanda juu kulala.

Saa tano niliamshwa na harufu inayochoma macho. Chumba cha chini kilikuwa kimejaa moshi wa kijivu, na dirisha nilikuwa nimelifunga kwa sababu ya paka. Kitu cha kwanza nilichokumbuka ni chiriku wa jirani, ambaye tundu lake huning'inizwa upande wa kiwanda. Nilimwita mwenyewe, tukalipandisha tundu hadi juu ya dari penye upepo. Alipona, ingawa alikaa siku mbili bila kulia. Niliporudi chini, jiko lilikuwa limezimika lenyewe, kioo cha namba ni cheusi, na mlango umefungwa kama sanduku la mahari. Ndani ya droo ya chini, vifuniko vya plastiki nilivyokuwa nimevihifadhi vilikuwa vimejikunja.

Asubuhi mlango ulikuwa bado haufunguki. Fundi alikuwa Matondoni na hakuweza kufika kabla ya alasiri. Tulipalia makaa, tukaoka kwa moto wa juu na chini kama alivyokuwa akifanya mama, na kufikia jioni nilikuwa na mikate kumi na moja. Watu wengine nilirudisha pesa zao, na mmoja wao hajaniagiza tena mpaka leo.

Fundi alipofika alizima swichi ya ukutani, akalivuta jiko mbele, akaniita: "Ndoo uone, dada." Nilikuwa nimelisukuma ndani kabisa ya uwazi wa ukuta, kama kitu kinachowekwa kidakani, ili lisichukue nafasi. Ndani ya jiko la namna hii mna feni ya kupooza ambayo huvuta hewa ya chumbani na kuipitisha kati ya oveni na vifaa vya umeme, kisha kuitoa nje. Mimi nilikuwa nimeinyima hewa. Nyuma pale mna swichi ndogo ya usalama ambayo hukata umeme joto linapopita kiasi. Nayo ilikuwa imekata, na kwa kufanya hivyo ilikuwa imefanya kazi yake sawasawa. Aliirudisha kwa kubonyeza kitufe chake, umeme ukarudi, kufuli ya mlango ikaachia. Kuna majiko ambayo swichi hiyo ikikata mara moja haina budi kubadilishwa, kwa hiyo nilikuwa na bahati.

Ndipo alipokaa kwenye kibao cha mbuzi na kunieleza kitu ambacho ningepaswa kukisoma kwenye kitabu cha maelezo kabla ya kubonyeza chochote. Oveni hii haijioshi, inajichoma. Tangu General Electric ya Marekani ilipoanza kuuza oveni za aina hiyo mwaka 1963, kanuni haijabadilika: joto la ndani hupandishwa hadi kati ya nyuzi 430 na 500 za Selsiasi, karibu mara mbili ya joto ninalookea mkate, na kukaa hapo mpaka mafuta na ukoko viungue kabisa na kubaki majivu. Kufuli ya mlango ipo kwa sababu mtu akifungua wakati huo, hewa mpya itaingia na mafuta yanaweza kushika moto usoni mwake. Na kwa kuwa ni kuchoma, kila uchafu uliomo ni kuni. Mimi nilikuwa nimeweka kuni za miezi minane.

Tangu siku hiyo nimeendesha programu ile mara sita, na utaratibu wangu umekuwa ni huu. Siku moja kabla, oveni ikiwa baridi, nafuta mafuta yote yaliyolowana na kubandua ukoko mzito kwa mwiko wa mti. Shira na sukari nazitoa hata kama ni tone, kwani sukari huwaka upesi, na ukwaju au ndimu iliyomwagika naifuta vilevile kwa sababu asidi ikipikwa kwa joto hilo huacha doa la kudumu kwenye ile rangi ngumu ya ndani. Dawa za kupuliza za kusafishia oveni sizitumii hata kidogo. Mabaki yake hutoa mvuke mbaya na huiharibu rangi. Vichanja vya waya navitoa, maana safari ya kwanza nilivisahau, vikapoteza mng'ao na mpaka leo haviteleziki bila kupakwa mafuta kidogo pembeni. Foili, masinia na kila kilichomo droo ya chini hutoka pia.

Kitu pekee nisichokigusa ni ule utepe unaozunguka mlango, ambao sisi huuita mpira ingawa si mpira, bali ni uzi wa kioo uliosukwa. Ukiusugua au kuulowesha hulala, na ukilala joto hupenyeza hadi kwenye vishikio. Nafuta pembeni mwake tu.

Naanza saa tatu asubuhi, siku isiyo na oda, wakati nipo macho na ninaweza kukaa chumba cha pili nikichambua mchele. Dirisha na mlango wa kiwanda huwa wazi. Watoto wa dada yangu hupelekwa kwa bibi yao, kwani kioo cha nje cha mlango huwa cha moto kuliko siku za kuoka. Chiriku wa jirani huhamishwa kabla sijabonyeza chochote, kwa sababu mapafu ya ndege hayastahimili moshi ambao sisi tunaukohoa tu. Na kikaango chochote chenye rangi ya kutonata hakikai karibu, maana mvuke wake kikipata joto kali humuua ndege kwa muda mfupi. Mtungi wa kuzimia moto umesimama karibu na mlango wa kutokea, mbali na jiko lenyewe. Ikitokea nikaona ndimi za moto ndani, najua kwamba nitazima, nitaacha mlango umefungwa, na maji hayatakaribia hapo.

Programu ninayochagua ni fupi, ya saa moja na nusu, kwa kuwa oveni haichafuki tena kama zamani. Mita ya tokeni ilinionyesha kuwa hula uniti nne hivi. Ikimalizika, siikimbilii swichi ya ukutani: feni bado inapooza, na kuizima mapema ni kurudia kosa langu la kidakani kwa njia nyingine. Umeme ukikatika katikati, jambo ambalo limenipata mara moja, mlango hubaki umefungwa. Nilisubiri tu, na umeme uliporudi ulifunguka wenyewe baada ya oveni kupoa. Hata jiko lenyewe halirudi tena ndani ya ukuta. Nimeacha nafasi ya viganja viwili nyuma na pembeni.

Hewa yetu ya chumvi imenifundisha mambo mengine ambayo kitabu hakikuyataja. Mwaka jana nilisafiri wiki tano wakati wa kusi, na niliporudi kila nikiwasha oveni breka ya usalama ilikuwa inakata. Nilidhani oveni imekufa. Kumbe ndani ya koili ya kupashia joto mna unga mweupe wa magnesiamu oksaidi unaotenganisha waya na bomba lake, na unga huo hunyonya unyevu ukikaa bila kuwashwa. Umeme kidogo huvujia kwenye ethi na breka hukata. Fundi aliipima, akaikausha, na tangu hapo ninapokuwapo huiwasha kwa joto dogo walau mara moja kwa wiki, hata kama sina cha kuoka. Kila mwaka hulegeza na kukaza upya skrubu za nyaya nyuma ya jiko, umeme ukiwa umezimwa, maana kutu ikiingia pale maungio huanza kupata moto yenyewe.

Kuhusu kioo cha juu sina mengi. Sufuria zetu za alumini zenye vitako vilivyobinuka hazifai, kwani zinagusa kioo kwa ncha tu na huacha alama za kijivu. Nilinunua tatu zenye kitako bapa. Taa nyekundu ikiwaka, kioo bado ni cha moto hata kama kichomeo kimezimwa, na paka mmoja amekwisha kulithibitisha hilo.

Mwezi uliopita niliona upande wa chini wa ule utepe wa mlango umeanza kulegea, na kishikio kilikuwa cha moto kuliko kawaida wakati naoka mkate wa mayai. Nimemwagizia kaka utepe mpya wa namba ile ile iliyo kwenye kibandiko. Mpaka ufike, kile kifungo hakibonyezwi. Nasafisha kwa magadi soda yaliyokorogwa na maji, nayaacha usiku kucha, na asubuhi nasugua kwa mkono, huku mama akiniangalia kutoka mlangoni na paka wake mapajani.