Babu amepanda kiganjani: kosa lilikuwa la mlango

Jana jioni, siku ya 41 tangu afike nyumbani, mjusi wangu alipanda kiganjani mwangu kwa hiari yake, akaegemeza mguu wa mbele juu ya kidole gumba, akatulia hapo kwa dakika 4 bila ndevu zake, yaani ngozi yenye miiba chini ya kidevu, kubadilika rangi. Nina furaha kubwa, kwa sababu kilichonishinda kwa zaidi ya wiki 5 hakikuwa ukali wa mnyama huyu.

Babu, kama watoto walivyomwita kwa ajili ya ndevu zake, ni mjusi mwenye ndevu (bearded dragon), wa jamii ya Australia, aliyezaliwa akifugwa, na nilikabidhiwa na rafiki aliyekuwa akihama Dodoma mwezi Juni. Wiki 2 za mwanzo sikumgusa. Alikula panzi na majani ya maboga vizuri, na licha ya baridi ya usiku wa majira haya, mahali pake pa kuotea joto palifika nyuzi 40 mchana. Joto hilo nililipima upya baada ya kugundua kwamba kipimajoto cha paji la uso, kile kilichoenea wakati wa korona, hakifai hata kidogo kwa kazi hii, kwa kuwa kimetengenezwa kwa joto la mwili wa binadamu. Anayefuga mjusi anunue kile cha mafundi, cha kupimia joto la vitu.

Taabu ilianza kila nilipofunua kifuniko cha juu cha sanduku lake la kioo. Ndevu zilikuwa nyeusi kama masizi, mwili ukalala bapa juu ya jiwe, na kinywa kikabaki wazi. Nilibadilisha saa, nikabadilisha shati, nikajaribu glovu, nikamshawishi kwa funza. Funza alimpokea kwenye kibanio, lakini mkono aliukataa katakata.

Jibu nililipata uani. Mwewe alipita chini chini juu ya banda, na vifaranga wakajibana ardhini kwa namna ileile ninayoiona kila siku ndani ya kioo. Mjusi huyu ana jicho la tatu utosini, kigamba cheupe kidogo kama kichwa cha pini, ambacho hakioni sura ya kitu bali huhisi mwanga na kivuli. Kumbe kwa siku zote hizo nilikuwa nikimshukia kama mwewe!

Fundi seremala mmoja wa Chang'ombe alinitengenezea sanduku jipya lenye milango ya mbele ya kioo, inayoteleza kwenye reli za alumini kama madirisha yetu. Mwanzoni reli zilikwaruza kwa kelele iliyomshtua Babu, hadi nilipozisugua kwa nta ya mshumaa. Kuanzia hapo kila jioni, mwili wake ukiwa umeshapata joto, niliingiza mkono kutoka ubavuni, nikaulaza chini kiganja kikitazama juu, na nikakaa bila kuusogeza kwa dakika 10. Siku ya 3 alikuja kuramba ncha ya kidole. Siku ya 6 ndiyo hiyo ya jana. Bado simshiki kwa juu. Namwinua kwa kumtegemeza kifua na miguu yote 4, na mkia siuvuti kamwe, kwa kuwa wa jamii hii ukikatika hauoti tena.

Nilikuwa nimepanga wiki hii nianze kumzoesha kukaa begani, lakini nimeliweka kando, kwa sababu kioo huzuia miale ya UVB, ile ya jua ambayo mjusi huihitaji kutengeneza vitamini D, na ninaona uchungu kumtegemezea taa peke yake wakati jua la Dodoma linawaka bure uani. Ninamjengea kizimba cha nje cha wavu wa chuma wenye matundu madogo, maana wa kuku una matundu makubwa na wa mbu huchanika kwa kucha zake. Nusu ya paa itafunikwa kwa gunia ili apate kivuli cha kukimbilia. Mbao zimekwisha kukatwa, na mlango nimeupangia ubavuni.