Jumapili Macon, kwa Otis Redding

Akaunti yangu ilikuwa na dola 212, na yule kijana wa kaunta ya magari ya kukodi, pale Atlanta, alitaka kushikilia 400. Gari lenyewe nilishalilipia wiki mbili kabla, nikiwa Minneapolis, dola 46 kwa siku moja. Hizo 400 ni amana, akasema, zinarudi baada ya siku saba hadi kumi za kazi, na nadaiwa kwa sababu kadi yangu ni ya benki ya kawaida, si ya mkopo. Nikamwuliza mbona jambo kubwa hivyo halikusemwa pale nilipolipa. Akageuza kioo cha kompyuta, akanionyesha maandishi madogo kama chawa, chini kabisa ya ukurasa. Kweli yalikuwepo. Basi naomba zile 46 zangu, nikasema. Akashuka tena chini ya ukurasa kwa kidole. Hazirudi.

Nimekaa Marekani miaka kumi na moja. Kodi ya nyumba nalipa kila tarehe moja, simdai mtu wala sidaiwi, na bado hapa mwenye madeni ndiye anayeaminiwa kuliko mwenye hela yake mfukoni. Nilisimama pale karibu saa nzima. Nilimpigia kaka yangu wa Houston aniazime, hakupokea, yuko zamu. Nilipiga benki, nikawekewa muziki wa kusubirishia dakika ishirini, kisha laini ikakatika. Foleni nyuma yangu ikakua mpaka mlangoni. Mwisho nikachukua begi nikatoka, koo limenikaba.

Ndani ya begi lile, katikati ya mashati mawili, kulikuwa na santuri ya baba.

Kilichonipeleka Atlanta ni arusi ya mpwa wangu. Siku tatu tulikula, tukacheza, tukalia kidogo, na arusi ya wenyewe sina haja ya kuisimulia. Lakini tangu nilipopokea kadi ya mwaliko niliangalia ramani na kuona kwamba kutoka Atlanta kwenda Macon ni kama kilomita 135 tu, nikajua siondoki Georgia bila kufika kwa Otis Redding, mwimbaji wa soul wa huko Macon. Baba alifariki mwaka jana mwezi wa Mei. Nilizika kwa simu, nikimwangalia mdogo wangu akitupa udongo. Santuri ile aliniletea mama yangu mdogo alipokuja kumwona binti yake, imefungwa kwenye kanga, na maneno matatu tu kutoka kwa mama: "Hii ni yako."

Ni ile ndogo, ya wimbo mmoja kila upande. Ukiishika katikati utahisi karatasi ya kaki imegandishwa juu ya lebo, na juu ya karatasi hiyo, kwa wino wa buluu uliofifia, mwandiko wa baba wenye herufi zilizolala: NYIMBO ZA NOELI. Pembeni karatasi imebanduka kidogo, na hapo unaona herufi mbili za mwisho za jina la Redding.

Mwaka 1969 baba alikuwa kuli bandarini Dar es Salaam, umri miaka ishirini na miwili, katoka Uluguru na nguo alizovaa. Santuri aliinunua kwa baharia. Mwaka huo ulianza na Operesheni Vijana: vijana wa TANU, chama tawala cha wakati huo, wakipita mitaani kuwasaka waliovaa sketi fupi, suruali za kubana na wigi. Mwezi Novemba ikaja zamu ya muziki wa soul, ule wa Wamarekani weusi, ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Ulisemwa kwamba unawapotosha vijana na hauendani na utamaduni wa taifa. Baba alikuwa mwanachama wa TANU, na hadi anakufa kadi yake aliitunza kwenye mfuko wa nailoni pamoja na cheti cha ndoa. Hakuwa mtu wa kubishana na serikali. Lakini santuri hakuivunja. Aliibandika Noeli.

Sikuwahi kumwuliza ilikuwaje. Nilikua nikiijua karatasi ile kama unavyojua kovu la mzazi wako, huulizi.

Basi la kutoka Atlanta nililipia dola 31, kwenda tu. Ndani baridi ya kiyoyozi kama bucha, mwezi Machi, na soketi ya simu haifanyi kazi. Tulifika Macon usiku. Chumba kilikuwa dola 94, kinanuka sigara, na chai ya asubuhi niliyoahidiwa ilikuwa mkate wa plastiki na juisi ya rangi. Kwa hela hiyo Morogoro ningelala wiki nzima na kuletewa supu ya mbuzi mlangoni.

Jambo moja sikulipangia: kulikucha Jumapili. Kila mlango niliotaka kuuingia ulikuwa umefungwa. Jumba la maonyesho la Douglass nililiona kwa nje, nikaweka paji la uso kwenye kioo nione ndani. Lilijengwa na Charles Douglass, tajiri mweusi wa Macon, likafunguliwa 1921, enzi ambazo mweusi alikuwa haruhusiwi kukaa na mzungu ukumbi mmoja. Hapo ndipo Otis, mtoto wa mhubiri mgonjwa wa kifua kikuu, alipokuwa akija kwenye mashindano ya waimbaji chipukizi. Zawadi ilikuwa dola 5. Alishinda mara 15 mfululizo, mpaka wakamwambia sasa basi, waachie wenzako. Alikuwa ameacha shule akiwa na miaka 15, amechimba visima, ameuza mafuta kwenye kituo cha petroli. Niliposoma habari ya visima, kwa mara ya kwanza nilielewa ile sauti. Mtu anaimba kama anayevuta ndoo nzito kutoka chini, na kamba inamchuna mikono.

Macon bila gari haina mwenyewe. Njia ya miguu inakatika ghafla mbele ya barabara ya magari sita. Nikaita teksi kwa simu. Likaja gari la kijivu, na usukani kaushika mzee wa miaka sabini hivi, suti ya kanisani, kofia ameiweka kwenye kiti cha pembeni.

"Gateway Park," nikamwambia. "Kwenye sanamu ya Otis."

Akanitazama kwenye kioo. "Unatoka wapi, mwanangu?"

"Tanzania, mzee."

"Na huko mnamjua Otis?"

Nikatoa santuri nikampa. Alikuwa bado hajaondoa gari. Aliishika kwa kingo tu, vidole vimepanuka, kama wanavyoshika waliokulia na vitu hivi, akaigeuza mara mbili, akagusa ile kaki. Nikamweleza: bandari, baharia, Novemba 1969, gundi. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia kwa mtu wa Georgia: "Serikali iliyokataza ilikuwa ya weusi?"

"Ndiyo, mzee. Yetu wenyewe."

"Hapa waliosema muziki huu unaharibu watoto walikuwa wazungu." Akatikisa kichwa taratibu. Nilijaribu kumweleza kwamba wetu hawakuuchukia kwa sababu ya rangi, kwamba nchi ilikuwa na miaka minane tu, inatafuta kitu chake yenyewe, inaogopa kumezwa. Nilijisikia nikimtetea mtu asiyekuwepo, na sijui kama nilikuwa namtetea Nyerere au baba. Yule mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akazima mita ya safari kwenye simu yake na kusema kuna mahali anataka nipaone kwanza.

Alinipeleka kwenye ukumbi wa jiji, jengo la nguzo nene lenye kuba kubwa la shaba. Akaegesha ng'ambo ya barabara. Jumatatu ya tarehe 18 Desemba 1967, siku ya ibada ya mazishi ya Otis, alikuwa na miaka kumi na mbili, akasema, na mama yake alimvalisha viatu vya kaka yake vilivyompwaya kwa sababu vyake vilikuwa na tundu. Ndege ya Otis ilikuwa imeanguka siku nane kabla kwenye Ziwa Monona, Wisconsin, lenye maji ya barafu, wakitoka Cleveland kwenda kupiga muziki Madison. Wengi wa bendi yake ya vijana, Bar-Kays, walikufa naye. Aliyetoka mzima ni mpiga tarumbeta Ben Cauley peke yake, ameng'ang'ania mto wa kiti. Otis alikuwa na miaka 26.

"Watu 4,500," mzee alisema, "na ukumbi hautoshi." Yeye na mama yake walibaki nje. Aliambiwa mwimbaji James Brown amepita. Hakumwona, aliona migongo ya makoti. Alichokiona vizuri, kwa sababu alikuwa kimo cha kiuno cha watu wazima, ni mikono ya wanawake: kila mmoja ameshika leso, na leso zote zimekunjwa pembe nne, hazijatumika, kwa sababu hakuna aliyelia kwa sauti. "Watu wazima walikuwa wamesimama kama wanasubiri basi," akasema. Alirudia maneno hayo mara mbili.

Tulikaa pale nusu saa, labda zaidi. Aliniambia Otis angeweza kuhamia kokote. Mwaka 1967 gazeti la muziki la Uingereza, Melody Maker, lilimtaja mwimbaji wa kiume bora wa dunia, kiti alichokuwa amekikalia Elvis Presley. Lakini alikuwa ameshanunua shamba Round Oak, ekari mia tatu, kaskazini mwa Macon, amehamishia mke na watoto huko, anafuga. Amezikwa palepale, mbele ya nyumba yake. Nikauliza kama tunaweza kufika. Mzee akasema hapana, kwa upole. Ni kwa familia, na kwa mtu huendi bila kukaribishwa. Nilifurahi kusikia hivyo, ingawa nilikuwa nimetoka mbali. Kwetu pia ndivyo.

Mjane wake, Zelma, aliachwa na watoto wadogo akiwa kijana kabisa. Alishika kazi ya mumewe kwa mikono miwili, na mwaka 2007 akaanzisha taasisi inayofundisha watoto muziki hapo hapo Macon. Nilimwambia mzee kwamba nimetoka Morogoro, mji wa Mbaraka Mwinshehe. Kwetu, ukisema gitaa umesema Mbaraka. Naye alikufa safarini, ajali ya gari, Mombasa, Januari 1979, hajafika miaka 35. Baba alikuwa akiwapiga wote wawili Jumamosi moja, Mbaraka mchana na Otis usiku, madirisha yamefungwa hata miaka ambayo hakukuwa tena na wa kumkamata. Na mimi, mtoto wa Morogoro, ukiniambia leo nikupeleke kwenye nyumba aliyoishi Mbaraka, itabidi nikaulizie. Nimevuka nusu ya Marekani kutafuta sanamu ya mtu wa watu wengine, na ya kwetu sijawahi hata kuuliza. Jambo hilo lilinikalia kooni njia nzima hadi mtoni.

Sanamu iko kando ya Mto Ocmulgee, karibu na daraja lenye jina lake. Micheri ilikuwa imechanua. Mji huu unasema unayo zaidi ya 300,000, na siku hiyo upepo ulikuwa ukiangusha maua juu ya bega la shaba. Otis ameketi, gitaa mkononi. Wimbo ulio kwenye santuri ya baba, (Sittin' On) The Dock of the Bay, aliuanza akiwa kwenye boti huko Sausalito, ng'ambo ya ghuba ya San Francisco, mbali na Georgia, akaumalizia na mpiga gitaa Steve Cropper huko Memphis, siku chache tu kabla ya ajali. Ulitoka Januari 1968, ukawa wimbo wa kwanza kushika namba moja Marekani mwenyewe akiwa kaburini. Mwishoni hakuna maneno, anapiga mluzi tu.

Niliweka santuri kwenye goti la sanamu, nikapiga picha, nikaitoa haraka, maana jua lilikuwa kali na santuri hupinda. Karatasi ya kaki sikuibandua. Mzee aliniuliza kwa nini, nikamwambia mwenye gundi hayupo wa kuniruhusu.

Hakutaka nauli. Nilimlazimisha dola 20, akazichukua mwishoni kwa sababu nilikuwa nakaribia kukasirika. Alinishusha kituoni, akaniambia nimsalimie mama.

Basi lilichelewa saa moja na dakika kumi. Nikampigia mama. Morogoro ilikuwa inaelekea usiku wa manane, lakini tangu baba afariki halali mapema. Nilimtumia picha, akakaa kimya akiikuza. Halafu akanieleza jambo ambalo miaka yote sikulijua. Baba Kiingereza hakukijua. Wakati wa uchumba, mama akiwa amesoma hadi darasa la kumi, ndiye aliyemfafanulia maneno ya ule wimbo, mstari kwa mstari: mtu ametoka kwao, amekaa bandarini, anatazama meli zinaingia na kutoka. Baba akamshika mkono, akamwambia irudie tena hapo, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake, ila yeye hapewi nafasi ya kukaa.

"Sasa niambie," mama akasema, "mimi macho hayaoni vizuri. Hapo amesimama au amekaa?"

"Amekaa, mama."

"Eeh," akasema. "Wamefanya vizuri."