Maneno ya Memcheck na majaribio yanayoyalinda

Leo nimeshinda na faili za matokeo tarajiwa za Memcheck, chombo cha Valgrind (mfumo wa kuchunguza programu zinapoendeshwa) kinachosaka makosa ya kumbukumbu. Wengi huikwepa kazi hii. Mimi naipenda, kwa sababu humo ndimo ahadi zetu kwa watumiaji zilimoandikwa.

Kila jaribio ni programu ndogo iliyoharibiwa kwa makusudi. Moja inasoma baiti iliyo nje ya bloku, yaani kipande cha kumbukumbu ilichoomba, nyingine inaachilia bloku ileile mara mbili. Memcheck inaiendesha, inalalamika, na malalamiko yale yanalinganishwa na faili iliyohifadhiwa. Kwanza vichujio huondoa vitu visivyotulia, kama namba ya mchakato na anwani za kumbukumbu. Yanayobaki ni maneno. Kwa hiyo ukigusa neno moja la ujumbe, majaribio mengi huanguka kwa mkupuo ingawa usakaji wenyewe uko vilevile.

Hapo kishawishi ni kunakili matokeo mapya juu ya yale ya zamani. Sikubali. Nasoma kila mstari uliobadilika, maana katikati ya mistari mingi iliyobadilika neno tu unaweza kujificha mmoja ambamo kosa lililokuwa likiripotiwa limetoweka.

Kuna maneno ambayo sitaki yaguswe ovyo, yale ya kueleza bloku ambazo hazikuachiliwa. Bloku isiyo na kielekezi chochote (thamani inayoshika anwani ya kumbukumbu) cha kuifikia imepotea kwa hakika. Ikiwa inafikiwa kupitia bloku nyingine iliyopotea tu, imepotea kwa kufuata mwenzake. Rekebisha ile ya kwanza na kwa kawaida hii nayo itaondoka kwenye ripoti. Kielekezi kilichobaki kikiwa kinaonyesha katikati ya bloku badala ya mwanzo wake, bloku huenda imepotea. Na kama kielekezi cha mwanzo bado kipo programu inapoisha, bado inafikika. Tofauti hizi zina uzito: bila kubadilisha mipangilio, ni iliyopotea kwa hakika na ile ya huenda zinazohesabiwa kuwa makosa. Bloku ikihamishwa kundi, mtu fulani ataona mradi wake umeanza kushindwa ghafla, au, vibaya zaidi, umeacha kushindwa.

Vivyo hivyo ule ujumbe mrefu kuhusu uamuzi unaotegemea thamani ambayo haijawekwa. Kuna wanaopendekeza ufupishwe. Lakini Memcheck hailalamiki thamani hiyo inaponakiliwa tu. Husubiri hadi iathiri mwenendo wa programu, kwa mfano pale inapoamua njia ya kufuata. Neno "unategemea" ndilo linalobeba maana hiyo. Likiondolewa, mtumiaji atatafuta kosa mahali pasipo pake.

Kinachonisumbua zaidi siku hizi ni kompaila, programu zinazogeuza msimbo kuwa maagizo ya mashine. Zinazidi kuwa werevu, na programu zetu za majaribio zimejaa makosa ambayo kompaila zina ruhusa ya kuyafanya zitakavyo. Kompaila ya Clang inaweza kufuta kabisa malloc (ombi la bloku) pamoja na free inayoiachilia, ikiona bloku haitumiki. Kompaila nyingine, GCC 12 ya mwaka 2022, ilileta onyo la kutumia kielekezi baada ya kuachilia, jambo ambalo baadhi ya majaribio yetu hulifanya kwa kusudi. Jaribio likianguka baada ya kompaila mpya kuingia, silaumu chombo kwanza. Nafungua asembli, yaani maagizo ya mashine yaliyotolewa na kompaila, nione kama kosa bado limo. Likiwa limefutwa, naongeza volatile, neno linaloizuia kompaila kufuta usomaji au uandishi, au nazima uboreshaji wake, kisha naandika sababu kando ya mstari huo, ili atakayekuja baadaye asiuondoe akidhani ni takataka.